Kubadilisha swingamu ya Honda CG125 ya zamani

Pikipiki ya zamani ikianza kuyumba kiuno, lawama ya kwanza huiendea tairi. Unajaza upepo, unabana spoki, unanunua tairi mpya, na bado ukikata kona nyuma inakwenda na mawazo yake. Mimi nilihangaika hivyo na CG125 yangu miezi kadhaa. Siku moja nikiiosha nikaegemea gurudumu la nyuma, nikasikia "kla" ndogo kutoka chini ya betri. Ilikuwa swingamu, ule mkono wa chuma wenye matawi mawili unaobeba gurudumu la nyuma, na ambao umeshikwa na fremu kwa shafti moja tu inayopita nyuma ya injini.

Naandika kuhusu CG125 kwa kuwa ndiyo niliyoifungua mara nyingi. Honda waliitoa mwaka 1976, cc 124, valvu zake zikisukumwa kwa fimbo badala ya cheni ya juu, ili ivumilie watu wanaobebesha mizigo na kusahau kubadilisha oili. Injini nyingi za Kichina zilizo kwenye bodaboda zetu zimezaliwa kutokana na muundo huo. Kwa hiyo spea "za CG" zimejaa kila duka, na hapo ndipo mtego ulipo, kama utakavyoona. Pikipiki nyingine za umri huo, Yamaha au Suzuki, hufunguliwa kwa mpangilio huuhuu. Kinachotofautiana zaidi ni bushi, vile vibomba vinavyokaa kati ya swingamu na shafti.

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni swingamu

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Mwenzako ashike fremu chini ya siti asiiachie. Wewe shika ncha za swingamu zenyewe, pale ekseli inapopita, uzivute kushoto na kulia. Usishike tairi, kwa sababu ukishika tairi utasikia pia mchezo wa beringi za gurudumu na hutajua kipi ni kipi. Ikiwa ncha zinacheza na kwenye shafti unaona chuma kikisogea, bushi zimekwisha. Ikiwa ncha zimetulia lakini tairi linacheza, kanunue beringi, mwongozo huu ufunge.

Bushi zikiisha, si lazima swingamu nzima itupwe. Bushi mpya ni bei ya soda kadhaa. Swingamu hubadilishwa ikiwa imepinda, imepasuka, au imeliwa na kutu. Kutu angalia sehemu mbili: chini ya matawi, ambako tope hukaa, na upande ule unaodondokewa na mrija wa betri. Mrija ule ukikatika au ukielekezwa vibaya, matone ya asidi hutua juu ya chuma kwa miaka, rangi inafutuka, na siku moja bisibisi inazama kama kwenye papai. Gonga chuma chote kwa kichwa cha bisibisi ukisikiliza. Kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya debe.

Fundi atakwambia anaweza kuchomelea. Kibano cha kava ya cheni, achomelee. Lakini tawi lililopasuka au bomba linalopitisha shafti, mimi sikubali. Moto wa kulehemu huvuta chuma, na milimita mbili zikivutwa pale mbele, nyuma kwenye ekseli zinakuwa nyingi zaidi.

Kununua: nenda na kalipa (kile chombo cha kupimia vipenyo na unene), usiende na picha

Hapa ndipo nilipopoteza pesa. Nilikwenda dukani na picha ya simu, muuzaji akatoa swingamu akasema "hii ni ya CG, inaingia". Kweli iliingia. Iliingia ikabaki na nafasi ya milimita sita kati yake na sikio la fremu, yaani pale fremu inaposhika shafti, na mahali pa kufunga shokapu palikuwa mbele zaidi ya pa mwanzo. Ilikuwa ya moja ya zile pikipiki za Kichina za mfumo wa CG, na wala haikuwa mbovu. Ilikuwa tu si ya kwangu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Gerezani kama uko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, pima ya zamani uandike kwenye karatasi: upana wa pale shafti inapopita, bushi zikiwemo, kipenyo cha shafti, urefu kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya nafasi ya ekseli, nafasi iliyopo kati ya matawi mawili pale tairi linapopita, umbali kutoka shafti hadi boliti ya shokapu, na unene wa boliti hiyo. Andika pia sikio la kufungia mkono wa breki (kile chuma kinachozuia breki isizunguke pamoja na gurudumu) liko upande gani na mbali kiasi gani. Kwenye CG cheni iko kushoto na breki kulia.

Jihadhari hasa na swingamu ndefu. Mafundi wa bodaboda hupenda kurefusha ili abiria wawili wakae vizuri. Ukiifunga hiyo kwenye pikipiki ya zamani, cheni haifiki, fimbo ya breki haifiki, mkono wa breki haufiki, na kila kimoja utakitafutia dawa ya kienyeji. Mkono wa breki wa dawa ya kienyeji ndio ule unaokatika siku ya mteremko.

Ukitaka mpya iliyo karibu na ya asili, uliza zilizotoka Pakistan. Kule Atlas Honda wameendelea kutengeneza CG125 ya umbo la zamani muda mrefu baada ya wengine kuiacha. Hata hiyo, pima. CG ya miaka ya 1970 na ya miaka ya 1990 zinafanana jina kuliko zinavyofanana vyuma. Ya mtumba nayo ni sawa ikiwa imenyooka, na kupima unyoofu nitakuonyesha.

Ukishapata, nunua kwa pamoja shafti mpya, nati mpya, na bushi mbili mpya. Shafti ya zamani utaona mwenyewe kwa nini.

Kufungua

Toa tenki la petroli kabisa ulipeleke mbali. Baadaye huenda ukatumia grainda au moto, na hutaki kukumbuka tenki wakati cheche zimeshaanza kuruka. Funga gurudumu la mbele kwa kamba kwenye nguzo, kwa sababu utapiga nyundo na pikipiki iliyo kwenye stendi huanguka upande ule ule uliosimama wewe.

Piga picha kila kitu kabla ya kugusa: waya wa taa ya breki ulivyopita, mirija ya kabureta na ya betri, kichwa cha shafti kiko upande gani.

Kisha toa kava ya cheni. Zile CG za zamani zina kava iliyofunika cheni yote, ya vipande viwili, na boliti zake ndogo hukatika kwa kutu, kwa hiyo zipulizie mafuta tangu jana yake. Fungua loki ya cheni uitoe. Legeza nati ya fimbo ya breki, toa fimbo, halafu rudisha springi, kipini na nati palepale kwenye fimbo, maana vitu hivi vitatu hupotea kuliko pesa. Fungua mkono wa breki. Vuta ekseli, gurudumu lishuke. Fungua boliti za chini za shokapu, moja moja, huku umeweka kipande cha ubao chini ya swingamu.

Kabla hujagusa shafti, inyanyue swingamu kwa mkono uiachie. Bushi za CG nyingi ni mpira uliogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Bomba la ndani hubanwa na fremu lisizunguke, na mpira ndio unaojipinda swingamu inapopanda na kushuka. Mpira mzima hukurudishia mkono. Ikidondoka puu kama mlango uliotoka bawaba, mpira umeachana na chuma.

Shafti

Sasa umefika kwenye kazi yenyewe. Yote yaliyotangulia ni saa moja. Shafti inaweza kukumalizia siku tatu.

Sababu ni hii: shafti imepita ndani ya bomba la bushi kwa miaka thelathini au zaidi, maji yameingia, na kutu imejaza ile nafasi nyembamba mpaka vyuma viwili vimekuwa kimoja. Nati itafunguka vizuri, utafurahi, halafu shafti haitikisiki.

Usianze na nyundo. Anza na mafuta ya kulegeza kutu, ya kopo au dizeli iliyochanganywa na ATF (oili ya giaboksi otomatiki), na uyaweke asubuhi na jioni kwa siku mbili, pande zote mbili, pikipiki ikilazwa kidogo ili yaingie. Siku ya tatu visha kichwa cha shafti spana ya boksi, ongeza bomba refu la mkono, ujaribu kuizungusha. Usijaribu kuitoa, izungushe tu. Ikizunguka hata robo, vita vimekwisha nusu: zungusha mbele, nyuma, mafuta, mbele, nyuma, na utaona unga mwekundu ukitoka na mafuta.

Kisha nyundo. Rudisha nati mpaka iwe sawa na mwisho wa uzi wa shafti, ili upige nati na uzi usipanuke. Tumia nyundo nzito ya kilo mbili na kipande cha shaba au alumini katikati. Nyundo ndogo inayopigwa mara mia hufanya ncha ya shafti itanuke kama uyoga, na shafti yenye uyoga haipiti tena kwenye sikio la fremu. Piga chache, nzito, zilizonyooka. Sikiliza: mwanzoni mlio ni mgumu na mkono unauma. Ukibadilika kuwa mzito, wa ndani, ujue imesogea. Toa nati, endelea kwa nondo nyembamba kuliko shafti.

Ikikataa kabisa, usipoteze siku ya nne. Una bahati ambayo anayebadilisha bushi tu hana: swingamu hii huitaki tena. Ingiza diski nyembamba ya grainda, au msumeno wa chuma, kwenye nafasi iliyopo kati ya swingamu na sikio la fremu, ukate shafti pande zote mbili. Ukikosea milimita, kosea kuelekea swingamu. Fremu isiguswe. Swingamu itaanguka na kipande cha shafti ndani yake, na vile vipande viwili vilivyobaki kwenye masikio utavitoa kwa kuvigonga, chenye kichwa kutoka ndani kuelekea nje, cha upande wa nati kuelekea ndani. Moto wa gesi ndio wa mwisho kabisa, nje, ndoo ya mchanga karibu, na usivute ule moshi wa mpira.

Shafti ikitoka, ifute upitishe ukucha juu yake. Mahali bushi zilipokaa utasikia ngazi ndogo. Ndiyo maana nilikwambia ununue mpya.

Fremu kabla ya yote

Sugua masikio ya fremu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kutafuta ufa kuna njia ya wazee isiyo na gharama: paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ukiona mstari, simama hapo, kazi imekuwa ya fremu.

Kupima unyoofu wa swingamu unayoifunga

Fanya hivi hata kama ni mpya ya kwenye nailoni. Pitisha shafti mahali pake, na ekseli mahali pake, ekseli ikiwa katika alama ileile pande zote mbili. Weka swingamu juu ya meza bapa au kioo kinene. Pima kutoka shafti hadi ekseli upande wa kushoto, kisha wa kulia. Vipimo viwe sawa. Halafu inama, funga jicho moja, utazame ekseli juu ya shafti kama unayelenga shabaha. Fimbo hizo mbili zikae sambamba. Moja ikionekana inapanda kuliko nyingine, swingamu imejinyonga, na gurudumu litakaa limeinama kushoto au kulia maisha yake yote. Hiyo irudishe dukani.

Bushi na kufunga

Kama swingamu imekuja bila bushi, ziingize kwa jiliwa, soketi ndogo ikisukuma upande huu na soketi kubwa ikipokea upande ule. Sukuma kwenye bomba la nje, kamwe si la ndani, la sivyo utauchana mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha. Grisi usiiweke kwenye mpira, inaulainisha ukaoza. Pikipiki nyingine zina bushi za plastiki ngumu zinazozunguka juu ya bomba la chuma na kupakwa grisi kwa chuchu (kile kitundu cha kusukumia grisi), kama zile za Honda CB750 za kwanza, ambazo wengi hubadilisha kwa shaba. Za shaba, ukishazisukuma ndani, tundu hupungua, kwa hiyo zipitishwe rima, kifaa cha kupanulia tundu, kwa fundi wa kukereza. Hizo ndizo zinazotaka grisi kila mara.

Rangi iliyoingia kwenye nyuso zinazogusana na fremu ikwangue. Rangi hubanwa leo, kesho inasagika, na nati inabaki imelegea bila kufunguka.

Paka grisi shafti yote na ndani ya bomba la bushi. Hapa grisi inaruhusiwa na inahitajika: mtu atakayeifungua tena baada ya miaka kumi ni wewe. Nyanyua swingamu iingie kati ya masikio. Iingie kwa kusukuma au kwa kigongo kidogo cha mbao. Kama kuna nafasi, jaza kwa washa (pete bapa za chuma) nyembamba, sawasawa pande zote mbili. Usitumie nati kuvuta masikio yakutane. Masikio yataitika, fremu itakaa na msongo, na ufa utaanzia hapo. Pitisha shafti kutoka upande uliouona kwenye picha, na nati uifunge kwa vidole tu.

Kwa vidole tu. Nasisitiza kwa sababu nilikosea. Mara yangu ya kwanza nilikaza nati ya shafti pikipiki ikiwa hewani, swingamu imening'inia chini kabisa. Bomba la ndani likabanwa katika hali hiyo, na nilipoishusha na kukaa, mpira ukawa umejipinda tayari kabla sijaondoka nyumbani. Haukumaliza miezi minne.

Endelea: shokapu, gurudumu, ekseli, mkono wa breki na pini yake ya miguu miwili, fimbo ya breki, cheni. Klipu ya loki ya cheni, upande wake uliofungwa utazame mwendo wa cheni. Rudisha tenki. Shusha pikipiki chini, kaa juu yake kama unavyokaa ukiendesha, itikise mara mbili tatu itulie, na mwenzako ndiye akaze nati ya shafti kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako. Baada ya hapo ndipo ukaze shokapu.

Kunyoosha gurudumu

Alama zilizochorwa kwenye swingamu mpya usiziamini. Pima kwa utepe kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, urekebishe mpaka zilingane. Halafu zungusha uzi mrefu nyuma ya tairi la nyuma, uvute ncha zake mbili mbele pande zote za tairi la mbele, ukiwa juu kidogo ya ardhi. Uzi uguse tairi la nyuma mbele na nyuma, na tairi la mbele likae katikati ya nyuzi mbili. Mwisho tazama cheni kutoka nyuma ikiingia kwenye sproketi. Ikikaa upande, rudi kwenye vipimo.

Ulegevu wa cheni uwe kama sentimita mbili katikati ya upande wa chini, ukipima pale inapokaza zaidi unapozungusha gurudumu. Kisha mtu akae. Cheni hukaza kabisa sproketi ya mbele, shafti na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja, na kama hapo haina hata kidogo cha kucheza, legeza. Pedali ya breki ishuke sentimita mbili hadi tatu kabla ya kushika, na taa ya breki iwake.

Safari ya kwanza iwe ya mtaani, peke yako, bila abiria. Chora mstari wa rangi unaovuka kutoka nati ya shafti hadi kwenye fremu, na mwingine kwenye nati ya ekseli. Baada ya kilomita mia hivi inama utazame. Mistari ikiwa haijakatika, na ndani ya tawi la kushoto hakuna mahali chuma kimeng'aa kwa kukwanguliwa na cheni, rudisha kava.